Basi la Kamba

Kitinda alikuwa na miaka minne, na mama yake alimjua vizuri akiwa usingizini. Alijua kwamba hulala kifudifudi. Alijua kwamba akishikwa na mafua hukoroma kama mtu mzima. Lakini ukimuuliza siku hizi mtoto anapenda mchezo gani, au anaogopa nini, ilibidi kwanza amuulize binti yake mkubwa.

Usimwite mama mbaya. Aliishi mbali, hilo tu ndilo lilikuwa kosa lake.

Watu walimwita Mama Kitinda. Alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa. Mashuka ya wodi zote yalipita mikononi mwake. Zamu yake ilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumatatu mpaka Jumamosi. Ili awahi, aliamka saa tisa na nusu, wakati hata jogoo wa jirani hajajikuna. Alivaa gizani. Alitoka na viatu mkononi ili asiwaamshe watu. Kisha alitembea dakika arobaini na tano mpaka barabara ya lami, akapanda basi la kwenda katikati ya mji. Huko alishuka, akapanga foleni, akapanda basi la pili lililotoka tena nje ya mji kwa upande mwingine. Hospitali ilikuwa huko.

Jambo la kuchekesha, kama una nguvu za kucheka, ni hili. Ukisimama kwenye kilima nyuma ya nyumba yake, uliliona tangi la maji la hospitali kwa macho yako. Ndege akiruka hapo, anafika kabla chai haijapoa. Mama Kitinda alitumia saa mbili na nusu, kwa sababu mabasi yote ya mji ule yalipita katikati, utake usitake.

Kurudi kulikula saa nne, maana foleni za jioni zilikuwa ndefu zaidi, na miguu ilikuwa imevimba. Alifika nyumbani saa mbili usiku. Kitinda alikuwa ameshalala.

Zamani hawakuishi hivyo. Kwa miaka tisa walipanga chumba kimoja karibu na hospitali. Mumewe alikuwa fundi mwashi, na kila mtu alimwita Fundi. Aliwajengea watu majumba, halafu yeye mwenyewe akaenda kulala kwenye chumba ambacho kitanda kiligusa mlango. Jambo hilo lilimkera sana. Waliposikia kuna viwanja nje ya mji, hawakuuliza mara mbili. Hawakuuliza maji. Hawakuuliza barabara. Fundi alisema, "Tujenge kwanza. Watu wakijaa, basi litakuja lenyewe." Wenzake nao walisema hivyohivyo. Watu wakajaa. Nyumba zikapanda mpaka kilimani. Basi halikuja.

Mwezi ule Mama Kitinda alichelewa kazini mara nne. Msimamizi wake alimwita pembeni.

"Mama, wewe ni mfanyakazi mzuri," alimwambia. "Lakini wagonjwa hawawezi kungoja mashuka mpaka ufike. Ukichelewa tena, nitaweka mtu mwingine kwenye pasi yako. Usinilaumu."

Mama Kitinda hakumlaumu. Alikuwa amechoka mno hata kulaumu. Siku hiyo alirudi nyumbani, akatoa begi la zamani juu ya kabati, akalisukuma chini ya kitanda. Halafu akangoja Jumapili, maana ndiyo siku pekee aliyoweza kuzungumza na mumewe wote wakiwa macho.

Jumapili alifua. Mtu aliyeshinda na mashuka wiki nzima, siku ya mapumziko alifua tena! Alilitua beseni lake juu ya kijiwe cha zege kilichokuwa mbele ya nyumba, hatua tatu ndani ya ukuta. Kilikuwa kifupi, kimekaa imara, kama kigoda kilichoota ardhini. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Katikati kilikuwa na chuma kidogo kilichomkwaruzia beseni.

Fundi alikuwa akipiga lipu kipande cha mwisho cha ukuta. Ukuta huo ulikuwa ndio fahari yake. Alikuwa ameujenga Jumapili kumi na nane, tofali moja moja, na ulinyooka mpaka watu walikuja kuutazama.

"Baba Kitinda," mkewe alisema bila kuinua kichwa, "kuanzia kesho nitalala mjini."

Mwiko ulisimama hewani.

"Mjini kwa nani?"

"Kwa yule mwenzangu wa kwenye mashine. Ana kitanda cha pili. Nitakuja Jumamosi jioni, niondoke Jumatatu alfajiri."

"Na watoto?"

"Watoto wana wewe. Na wana dada yao."

"Mama Kitinda, nimekujengea nyumba ya vyumba vitatu, halafu ukalale kwenye kitanda cha watu?"

"Nyumba ni nzuri, nani kasema mbaya? Lakini sijawahi kuiona mchana siku ya kazi. Na nikifukuzwa, tutakula hizo lipu zako?"

Wakati huohuo Kitinda alitoka ndani mbio, kamba za kiatu zikiburuta. Alimpita mama yake pale kwenye beseni. Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake aliyekuwa akianika.

"Dada, nifungie kiatu."

Mtoto hakuwa na nia mbaya. Aliyezoea kumfungia ni dada. Lakini Mama Kitinda ilimuuma, ilimuuma kwelikweli, na akalisugua shati la watu mpaka likaomba msamaha.

"Hodi hapa!"

Aliyepiga hodi alikuwa jirani mpangaji, mwanamke wa makamo mwenye mabega mapana. Alikuwa dereva wa mabasi ya mji, na watu walimwita Usukani. Yeye ndiye dereva pekee wa basi aliyeishi mtaa ule, na kila asubuhi alitembea kwa miguu kwenda kulichukua basi lake. Alikuja kuomba sabuni, lakini aliona nyuso, akasahau sabuni.

"Kuna nini, dada? Mbona mmenuniana hivi?"

"Anatuhama," alisema Fundi.

"Sihami. Nafuata kazi," alisema Mama Kitinda.

Usukani alielezwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Leo saa kumi kuna mkutano pale dukani," alisema. "Mwenyekiti anataka tuandike barua nyingine kuwalalamikia watu wa mabasi. Itakuwa ya tatu. Njooni wote. Shemeji, uje na futi yako ya kupimia. Na wewe dada, ukimaliza kuanua, uje na kamba zako zote za nguo."

"Kamba za nini tena?"

"Utaona."

Saa kumi watu walijaa mbele ya duka. Mwenyekiti wa mtaa alisoma barua kwa sauti ya kupanda na kushuka. Ilisema kwamba wakazi wanadharauliwa. Ilisema kwamba mabasi yanawafuata matajiri tu. Watu walipiga makofi. Hasira ilikuwa nyingi, na nyingine ilikuwa ya miguu tu.

Usukani alinyoosha mkono.

"Mzee Mwenyekiti, barua ni nzuri. Lakini kabla ya kuituma, naomba tulipitishe basi hapa. Sasa hivi."

"Basi lipi?"

"Hili." Akachukua kamba za nguo, akaziunga. Fundi alimpimia kwa futi. Mita kumi na mbili ubavu mmoja, mita kumi na mbili ubavu wa pili, mita mbili na nusu mbele, mita mbili na nusu nyuma. "Basi tunaloendesha sisi lina ukubwa huu. Nataka watu wanne washike pembe, na wengine washike ubavuni. Mkivuta vizuri, kamba isilegee, hilo ndilo basi lenu. Mwenye Duka, wewe kaa mbele. Tumbo lako ndilo injini."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwenye Duka naye alicheka, akapiga honi kwa mdomo. Mama Kitinda alipewa pembe ya nyuma. Hata kwenye basi la kamba alisimama.

Walianzia juu, pale barabara ya mtaa inapoingia. Hapo palikuwa peupe. Basi la kamba lilitembea kwa madaha, watoto wakilifuata na kudai kupanda. Lakini kadiri walivyoshuka, kuta zilikaribia. Walipofika dukani, kibaraza cha Mwenye Duka kiliwagusa kiwiko. Walipofika kwenye geti la kijani, wa pembeni walitembea kiubavu. Walipofika kwenye kona ya Fundi, basi lilisimama.

"Kata kona!" Usukani aliamuru.

Mwenye Duka alikata kona. Pembe ya mbele ilipita. Lakini Mama Kitinda, aliyekuwa nyuma, alijikuta amebanwa kwenye ukuta wa mumewe, lipu mbichi ikimpaka bega zima.

"Rudini nyuma, mjaribu tena."

Walijaribu tena, na tena. Mara zote Mama Kitinda aliishia ukutani.

"Mnaona?" Usukani alisema. "Basi halina kiuno. Likikata kona, magurudumu ya nyuma hupita ndani zaidi kuliko ya mbele. Lazima liwe na nafasi. Mwezi uliopita kampuni ilileta basi la majaribio. Lilikwama hapahapa, likarudi kinyumenyume mpaka juu, watu wakiwa kazini hawakuliona. Dereva nilikuwa mimi."

Watu waliukagua ukuta kwa macho.

"Lakini ramani ya viwanja inasema barabara hii ina mita kumi na mbili," alisema Mwenyekiti.

"Juu kule zipo. Shemeji, hebu pima hapa."

Fundi alipima. Alipima mara ya pili, labda futi inatania.

"Nne na nusu," alisema kwa sauti ndogo.

"Haikukonda yenyewe," alisema Usukani.

Watu walianza kutazamana. Mwenye Duka alijikuna kichwa. "Mimi kibaraza changu nilisogeza hatua moja tu," alisema. "Mimi nilifuata usawa wa duka, nikaongeza nusu," alisema mwenye geti la kijani. Mwingine akasema alimfuata yeye. Na huyo naye alifuatwa na mwingine. Kila mtu alikuwa na hatua moja tu, tena ndogo.

"Hapo ndipo tulipokosea," Usukani alisema. "Kila mmoja alipima kutoka kwenye ukuta wa jirani, akajiongezea kidogo. Hivyo sivyo ukuta unavyopimwa. Mpima ardhi alipogawa viwanja, aliweka jiwe la mpaka kwenye kila pembe. Ni zege fupi, lina chuma katikati. Kamba ya fundi inaanzia hapo na inaishia kwenye jiwe la pili. Ukuta wa jirani si jiwe la mpaka. Haya, mawe hayo yako wapi?"

"Mvua imeyafukia," mmoja alisema. "Langu sijawahi kuliona," alisema mwingine.

Mama Kitinda alikuwa bado ameshika kamba. Zege fupi. Chuma katikati. Aliinua macho akamtazama mumewe. Fundi alikuwa akivitazama viatu vyake, navyo havikuwa na kitu cha kutazama.

Kumbe alijua. Mama Kitinda hakutaka kumvua mumewe nguo mbele ya watu. Aliikunja kamba yake, akarudi nyumbani.

Fundi alimkuta amesimama mbele ya kile kijiwe. Beseni alikuwa ameshaliondoa. Alikuwa amekifagia kikawa safi, chuma kinang'aa.

"Ulijua?"

Fundi aliinama. Aliokota kipande cha tofali, akakitupa.

"Nilijua. Nilikiona siku ya kwanza nilipochimba msingi. Lakini majirani wote walikuwa wameshasogea. Mimi fundi mzima nirudi nyuma peke yangu? Wangenicheka. Nikasema, hatua tatu zitamuumiza nani?"

"Zimeniumiza mimi."

"Sikujua, mke wangu."

"Hata mimi sikujua. Kila Jumapili naweka beseni juu ya basi langu." Alikaa kwenye kile kijiwe kwa uzito, kama gunia lililotuliwa. "Sikiliza, Baba Kitinda. Sijachoka na kazi. Wala sijachoka na wewe. Nimechoka na njia. Njia inakula maisha yangu, na nikifika hapa hakuna kilichobaki cha kuwapa watoto. Ukuta huu ukibaki hapa, mimi nitabaki nje. Chagua kimoja."

"Jumapili kumi na nane," Fundi alisema, akiushika ukuta.

"Mimi nimezihesabu pia. Nilikuwa nakuletea maji."

Alfajiri ya Jumatatu aliondoka na begi.

Wiki ile aliwahi kazini kila siku, mpaka msimamizi akamtania kwamba anataka kumnyang'anya cheo. Alilala usingizi mpaka saa kumi na moja. Mwili ulishukuru, lakini moyo ulimsumbua. Saa moja na nusu usiku, kwenye kitanda cha watu, alikaa akiwaza kwamba sasa Kitinda ananawishwa miguu, sasa anabishana kwamba hataki kulala. Alimaliza kuwaza mambo yote, halafu akaanza upya. Ukimuuliza kipi ni kibaya zaidi, kufika nyumbani mtoto amelala au kutofika kabisa, asingejua akujibu nini.

Jumamosi, siku ambayo foleni huwa fupi, alirudi jua likizama. Alishuka kwenye lami, akatembea zile dakika arobaini na tano, kichwa kimeinama. Alitembea mpaka akafika kwenye nyumba asiyoijua. Akageuka nyuma. Alikuwa ameipita nyumba yake.

Ukuta haukuwepo. Matofali yalikuwa yamepangwa pembeni, yamegongwa saruji yote, safi. Fundi alikuwa amekaa juu yake, vidole vitatu vimefungwa vitambaa.

"Nilianza Jumatatu, ulipotoka tu," alisema. "Watu walisema nimepagawa. Mwenye Duka alikuja kunicheka. Nikamwambia, kaka, kabla hujacheka nishikie kamba hii. Nikaifunga kwenye jiwe letu, nikaivuta mpaka kwenye jiwe la kule juu, tulilolifukua na Usukani. Kamba ikapita katikati ya kibaraza chake. Akaondoka bila kuaga. Alhamisi nikasikia nyundo."

Mama Kitinda alitaka kucheka. Badala yake alilia, maana alikuwa amechoka, na machozi yalikuwa karibu zaidi. Fundi alimpokea begi.

Natamani nikuambie kwamba basi lilikuja Jumatatu yake. Halikuja. Mambo haya hayaendi hivyo. Ilichukua miezi mitatu, na miezi yote mitatu Mama Kitinda aliendelea kulala kwenye kitanda cha mjini.

Kwanza walimaliza kuta. Majirani wengi walirudi kwenye mawe yao, wengine kwa shingo upande. Mwenye geti la kijani alikataa, na amekataa mpaka leo. "Hapo nitapita kwa adabu," alisema Usukani. Mwishoni mwa barabara kulikuwa na uwanja wa wazi ambao baadhi ya watu walitaka kuugawana. Mkutano uliamua usiguswe, basi lipate mahali pa kugeuzia.

Halafu Usukani alisema, "Sasa tuhesabu watu."

"Watu wa nini? Si inajulikana tuko wengi?" aliuliza Mwenye Duka.

"Wengi si namba. Basi likitembea tupu, litaondolewa. Kampuni inataka kujua abiria ni wangapi, wanatoka saa ngapi, na wanakwenda wapi. Hilo la mwisho ndilo kubwa."

Binti mkubwa wa Mama Kitinda alikuwa kwenye likizo. Yeye na wenzake wanne walisimama barabarani kila alfajiri kwa wiki mbili, daftari mkononi, wakimuuliza kila apitaye anakwenda wapi. Wengine waliwajibu vizuri. Wengine waliwajibu kwa miayo. Hesabu ilipomalizika, watu walishangaa. Kila asubuhi watu mia nne na kumi walitoka kwa miguu. Na kati yao, watu mia moja na sitini hawakuwa na shida yoyote katikati ya mji. Walikwenda hospitali, viwandani na shuleni, upande uleule alikokwenda Mama Kitinda. Walipita katikati kwa sababu basi lilipita huko.

Mwenyekiti aliichana ile barua ya malalamiko. Aliandika nyingine fupi. Aliambatanisha hesabu, ramani, na vipimo vipya vya barabara. Ofisa wa mipango wa kampuni alipoisoma, alikuja mwenyewe. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye macho ya usingizi.

"Barua za kunitukana ninazo kabati zima," alisema. "Hesabu ya abiria iliyoletwa na abiria wenyewe, hii ndiyo ya kwanza kuiona."

Alipima barabara juu mpaka chini. Alikuna kidevu mbele ya geti la kijani. Kisha akaeleza. Njia mpya inaweza kuzunguka nyuma ya kilima bila kugusa katikati ya mji. Itakuwa na mabasi mawili tu, asubuhi na jioni, kwa majaribio. Barabara ikiharibika kwa mvua, basi litasimama mpaka irekebishwe.

"Na mkijenga tena barabarani?" alimalizia kwa swali.

"Atakayejenga aanze na mimi," alisema Fundi. "Ukuta wake nitaubomoa kabla ya saruji kukauka."

Tangu siku ile Fundi amebadili kazi yake kidogo. Mtu akimwita kujenga, hafungui mfuko wa saruji kabla ya kuuliza, "Jiwe la mpaka liko wapi?" Asipoonyeshwa, anakunja futi yake. Na mtu akimwambia anataka kununua kiwanja, humuuliza kama ameiona barabara kwenye ramani, ina mita ngapi, na basi litageuzia wapi. Watu wanamwona msumbufu. Yeye anasema heri usumbufu wa siku moja.

Basi la kwanza lilikuja Jumatano. Usukani ndiye aliyeliendesha. Mama Kitinda alimaliza zamu saa kumi jioni, akatoka na begi lake, akasimama kituoni na watu wengine wa mtaa wao, wote wakitazama barabara kwa wasiwasi, kama wanaomngoja mgonjwa atoke chumba cha upasuaji. Lilifika. Alipata kiti cha dirishani. Hakuamini, akakaa ukingoni, tayari kuinuliwa.

Mbele ya geti la kijani basi lilienda polepole kuliko mtu anayetembea. Kwenye kona ya Fundi lilikata mara moja tu. Magurudumu ya nyuma yalipita juu ya msingi wa zamani wa ukuta, na Mama Kitinda aliusikia chini ya miguu yake.

Alishuka saa kumi na moja na robo. Miguu ilikuwa bado imevimba, na kesho ilikuwa bado siku ya kazi. Basi haliondoi uchovu wote. Lakini jua lilikuwa bado juu, na aliona jambo ambalo kwa miaka miwili, na Jumapili zake zote za kufua nje, hakuwa amelijua. Jua la jioni huingia kwenye dirisha la chumba cha watoto, na ukuta wa ndani wote hugeuka rangi ya chungwa.

Kitinda alikuwa amekaa juu ya jiwe la mpaka, akikoroga udongo kwenye kopo. Alimwona mama yake. Alitazama jua, akamtazama tena mama yake, akakunja uso.

"Mama, kwani leo Jumapili?"

"Hapana, mwanangu. Leo Jumatano."

Mtoto alifikiri.

"Na kesho utakuja?"

"Kesho nitakuja. Na keshokutwa."

Kitinda aliweka kopo chini. Akanyoosha mguu wake wenye udongo mpaka kwenye magoti ya mama yake.

"Haya, nifungie kiatu."